Ndege Wanaporejea Kaskazini

Mwezi Machi, mawingu ya masika yanapojikusanya juu ya Kitengela, mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za stima kama shanga. Waliingia Kenya kuanzia Septemba na Oktoba wakikimbia baridi ya Ulaya na Urusi. Sasa huko kwao majira ya kuchipua yamekaribia, nao wanarudi kujenga viota. Huondoka pia korongo weupe waliokuwa wakiokota panzi na viwavijeshi katika mbuga za Athi na Kapiti, na chekeamwezi wa kingo za Ziwa Magadi.

Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, na jangwa la Sahara liko mbele yake. Hana ghala wala mkoba. Hula wadudu hadi mafuta yakae mwilini, na mafuta hayo ndiyo masurufu ya safari. Korongo, kwa uzito wake, hupaa akibebwa na hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, basi hufuata bonde la Mto Naili, akavuka Sinai na kupita Sham. Hakuna mwanadamu aliyemchorea njia hiyo. Katika Surat al-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawaelekeza watu wawatazame ndege walio juu yao wakikunjua mbawa na kuzikunja, na kubainisha kuwa anayewashikilia ni Yeye tu, Mwingi wa Rehema.

Maana ya tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, hukosewa na wengi hapa. Hadithi ya Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyomo katika Tirmidhi, inamtaja ndege anayetoka asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Neno zito ni kutoka. Ndege hakubaki kiotani akingoja kulishwa. Mfugaji wa Kajiado anayehamisha ng'ombe kufuata malisho huenda anaielewa hadithi hii kuliko mtu wa mjini, maana riziki yake nayo imo katika mwendo.

Ardhi inayopokea wageni hawa imebeba amana. Tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan, wanaofika na mvua za vuli kula kumbikumbi, hula pia mizoga. Sumu anayotegewa simba au fisi kwenye mzoga wa ng'ombe huwaua wao pamoja na tumbusi, na tai hao wamo tayari katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hadithi iliyopokewa na Nasai inaonya kwamba anayeua shomoro, au kilicho kikubwa kuliko yeye, bila haki, ataulizwa Siku ya Kiyama. Uchungu wa kupoteza mfugo ni wa kweli. Aliyeliwa ng'ombe aimarishe boma lake, na adai fidia chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, sumu aiache.