Neno la Siri ni Amana



Ni nadra leo kumpata kijana wa afisini asiyekaa mbele ya kompyuta. Bandarini, benki, hospitalini, hata katika afisi za madrasa zetu, hisabu na siri za watu zimo humo. Wazee wetu waliwekewa amana katika kasha, wakapewa na ufunguo wake. Leo kasha ni kompyuta, na ufunguo ni neno la siri. Basi yastaajabisha kwamba mtu asiyethubutu kumwazima rafiki yake ufunguo wa duka la tajiri wake, humtajia neno la siri mbele ya watu, au huliandika kikaratasini akalibandika pembeni mwa kioo, kila apitaye akalisoma!

Husema: "Sisi ni ndugu, twaaminiana." Lakini neno lile si milki yako hata uligawe, umekabidhiwa wewe peke yako. Tena kompyuta haimjui mtu, yajua jina. Litendwalo kwa neno lako huandikwa kuwa umelitenda wewe. Fedha zikipungua, au khabari za mgonjwa zikatoka nje, daftari litakutaja wewe, na huyo ndugu yako huenda akanyamaza kimya.

Wako wasemao kwamba tajiri wao ni dhalimu, au si Muislamu, kwa hiyo mali yake na siri zake hazina haki kwao. Hoja hii imeenea, nayo ni mbovu kuliko zote. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, Makureshi walikuwa wamekwisha kula njama ya kumwua, na huku amana za watu wa mji ule zi mikononi mwake. Alimwacha nyuma Sayyidna Ali azirejeshe kwa wenyewe. Je, tajiri wako amekudhulumu kuliko hivyo? Kama amekudhulumu mshahara, mdai mshahara wako kwa njia zake. Usimwibie majina ya wateja wake ukayauza.

Na kuna udukuzi wa kuchungulia: karani wa benki kutazama akaunti ya shemegi yake, au mwuguzi kusoma cheti cha jirani, kwa kuwa tu kompyuta imemfungukia. Suratun-Nur, aya ya 27, imetukataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini, na siri ya mtu ni nyumba yake. Serikali ya Kenya nayo imetunga sheria mwaka 2018: aingiaye kompyuta bila ya ruhusa aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini ni aibu kwa Muislamu kuiacha khiyana kwa kuogopa faini.

Uzembe pia una dhambi yake. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Katika Uingereza hospitali nyingi zilikwama, na wagonjwa kwa maelfu wakavunjiwa miadi yao. Na dawa yake ilikwisha kutolewa na Microsoft tangu mwezi wa Machi! Waliochelewa kuitia katika kompyuta zao ndio walioumia. Basi kompyuta ya afisi ikiomba kusasishwa, usiiambie "kesho" mwezi mzima. Flashi uliyoiokota njiani usiichomeke. Ikikujia barua pepe yenye haraka, eti ya mkuu wako, yataka fedha au neno la siri, usiijibu. Mpigie simu mwenyewe kwa nambari uijuayo.

Na ambaye neno lake limekwisha kujulikana na wenziwe, alibadilishe leo hii kabla ya kutoka afisini, na akiona jambo limeharibika amwarifu mkuu wake upesi, maana kila saa ipitayo mharibifu yumo ndani.