Mwenye Kumdai Marehemu

Babu yangu alizikwa Kwihara saa kumi jioni, jirani na miembe, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na kwetu aliyesoma hupewa kazi zote zinazohitaji karatasi. Niliuandika usiku mmoja kwenye simu. Niliandika kwamba alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto saba, na kwamba akiwa mtunza fedha wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku aliwatumikia wenzake kwa uadilifu. Nikamalizia kwa kusema ameacha pengo lisilozibika. Watu wakaitikia amina.

Kisha baba mdogo akasimama kutoa lile tangazo ambalo wengi wetu tumelisikia makaburini: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Kwa kawaida watu hunyamaza, na mwenye dai huja nyumbani baadaye, usiku, kwa staha. Siku ile mzee mmoja alinyanyua fimbo yake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei sokoni, kwamba miaka mingi iliyopita marobota yake matatu ya tumbaku yalipimwa, yakapokelewa, na malipo hayakumfikia. "Sisemi aliiba," akasema. "Nasema daftari lilikuwa kwake."

Baba mdogo akamjibu, "Tumelipokea, baba." Mazishi yakaendelea.

Usiku ule bibi aliniita chumbani. Hakugusia habari ya yule mzee. Aliniambia tu, "Mjukuu wangu, umeandika kama hukumjua."

Nilirudi chuoni na sentensi hiyo. Ilitokea kwamba wakati huo nilikuwa nasoma Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge kwa ajili ya tasnifu yangu. Ukizisoma kwa miezi kadhaa, salamu za rambirambi unazijua kama kiitikio cha wimbo. Mbunge akifariki, Spika hutangaza, wabunge husimama kimya, na wachangiaji wa siku zile huanza na pole kabla ya kufikia hoja yenyewe. Marehemu huwa mchapakazi, mpenda watu, mtu aliyejitoa kwa wananchi wake. Naye huwa ameacha pengo lisilozibika, ingawa sheria inao utaratibu wa kuliziba, nao unaitwa uchaguzi mdogo. Nilipokuwa nikisoma nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba maneno hayohayo niliyasoma mimi makaburini.

Kwa mtu wa Tabora, rambirambi moja iko karibu zaidi na nyumbani kuliko nyingine zote. Samuel Sitta, Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010 na mbunge wa Urambo kwa miaka mingi, alifariki dunia Novemba 7, 2016 huko Munich, Ujerumani. Mwili wake uliletwa Dodoma, ukaagwa bungeni, kisha akaenda kuzikwa Urambo. Sihitaji kurudia aliyoyasema kila mmoja siku zile. Ninauliza jambo moja: wasifu wa mtu kama huyo una deni gani kwa ukweli?

Sitta alijiita Spika wa kasi na viwango. Chini ya kiti chake, Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Hapo Bunge lilionekana lina meno. Miaka sita baadaye Sitta huyohuyo aliongoza Bunge Maalum la Katiba. Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA walitoka nje wakipinga mwenendo wa mjadala, hasa kuhusu serikali tatu zilizopendekezwa na rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Waliobaki wakaendelea, na Oktoba 2014 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa. Mpaka leo tunatumia Katiba ya 1977.

Wapo wanaoiona 2014 kama kazi iliyokamilishwa katika mazingira magumu, na wapo wanaoiona kama nafasi iliyopotezwa. Sina haja ya kuamua hapa. Ila anayesema marehemu alikuwa jasiri bila kutaja alimkabili nani na kwa jambo gani, hajamsifu. Amempaka rangi nyeupe. Ujasiri wa 2008 hauna maana bila Lowassa, kama ambavyo maisha ya Lowassa, aliyefariki Februari 10, 2024, hayasimuliki bila siku ile. Sifa inayokwepa ugomvi humpunja marehemu kwanza, kabla ya kutupunja sisi.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na ni ya kale. Plutarch anasimulia kwamba Solon wa Athens aliweka sheria ya kukataza kuwasema vibaya waliokufa. Marehemu hawezi kujibu. Mjane yuko pale, watoto wako pale. Na kila msiba una mtu anayeusubiri ili alipize kisasi bila kupigwa. Waswahili tumeyafupisha yote haya kwa neno moja: staha.

Aprili 10, 2013 Bunge la Uingereza lilikaa kumkumbuka Margaret Thatcher. Baada ya sifa nyingi akasimama Glenda Jackson, mwigizaji aliyegeuka mbunge, akaeleza madhara ambayo kwa maoni yake sera za Thatcher ziliwaletea watu. Wenzake walizomea, mmoja akaomba mwongozo wa Spika. Spika Bercow akasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Kila nikiifikiria siku hiyo nakubaliana na pande zote mbili: alikuwa na haki ya kusema, na bado kuna kitu kilikosekana.

Nadhani kilichokosekana kinajulikana sana kwetu. Alikosekana mtani.

Wanyamwezi ni watani na Wazaramo na makabila mengine mengi, na wasomi wengi wameuhusisha utani huo na njia ya misafara, hii iliyopita Kwihara ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi walipita katika nchi za watu, wakaumwa, wakafa ugenini, na palihitajika mtu wa kuwazika ambaye si ndugu wala adui. Mtani akija msibani huruhusiwa yale ambayo mfiwa haruhusiwi. Ataiga mwendo wa marehemu, atataja ubahili wake, atadai kilemba kabla ya kushika jembe la kuchimbia kaburi. Watu watacheka huku wanalia. Hakuna atakayemshtaki, kwa sababu anazo dhamana mbili: amekuja kuzika, na kesho msiba ukiwa kwake nawe utakwenda kumsema wake. Ukweli wake una jasho ndani yake. Glenda Jackson alisema ukweli kama alivyouona, lakini hakuwa miongoni mwa wanaobeba jeneza.

Utani hata hivyo una mpaka. Mtani anataja ubahili. Marobota matatu ya tumbaku hayamhusu. Kwa hayo ndipo tuna lile tangazo la baba mdogo.

Tangazo lile lina nasaba katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo Tabora inayajua vizuri. Inasimuliwa kwamba Mtume alipoletewa maiti ya mtu mwenye deni asilowacha cha kulilipia, hakumswalia mpaka mmoja wa masahaba alipolibeba deni lile yeye mwenyewe. Naona jambo kubwa hapo. Deni halikutajwa ili kumwaibisha marehemu. Lilitajwa ili apatikane aliye hai wa kulipokea. Kulitaja ndiko kulikuwa huruma, na kunyamaza kungemwacha nalo.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma rambirambi za Bunge kwa jicho jingine. Kasoro yake si kwamba zina sifa nyingi. Kasoro ni kwamba sifa haimgharimu anayeitoa. Mbunge anayesema marehemu alipigania maji ya jimbo lake hajasema kama maji yalifika, wala nani sasa atayapigania. Fikiria tangazo la makaburini likitolewa ndani ya ukumbi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Mtu angesimama, angesema Katiba. Mwingine angebisha, angesema hilo si deni bali ni tofauti ya mawazo. Sawa. Yule mzee wa Kwihara naye hakutoa hukumu, alitoa dai. Spika angejibu neno moja tu, tumelipokea, na tangu siku hiyo lingekuwa la Bunge zima na lisingekuwa la maiti tena. Job Ndugai, aliyekuwa Spika Sitta alipoagwa, naye alifariki Agosti 6, 2025, miaka mitatu na ushee baada ya kujiuzulu kufuatia mzozo wa kauli yake kuhusu mikopo ya nchi. Swali alilolizusha kuhusu mikopo halikuzikwa naye. Nani amelipokea?

Kwihara kuna jumba la tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho. Mwaka 1873 mwili wake ulipita huku Unyanyembe ukibebwa na wapagazi kuelekea pwani. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike hapahapa. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Aprili 18, 1874 akazikwa Westminster Abbey, na kati ya waliombeba ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwepo. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono ya watu waaminifu. Halitaji jina hata moja. Nilipokuwa mdogo nilipita mbele ya tembe lile mara nyingi nikidhani linamhusu mtu mmoja. Sasa najua kwamba rambirambi huweza kusema kweli tupu na bado ikaacha deni.

Nami ninalo langu. Kwa desturi yetu mjukuu ni mtani wa babu yake. Nilikuwa na kibali ambacho baba mdogo hakuwa nacho. Ningeweza kusema, huku watu wakicheka, kwamba mzee alihesabu vijiti vya kiberiti lakini hesabu za msimu ule hazikumkaa sawa. Niliijua habari ile tangu utotoni, kwa kuwa watoto wa jirani walitutania nayo. Nikaandika uadilifu.

Kwenye arobaini niliomba kusoma tena. Niliondoa sentensi ile nikaweka nyingine: alikuwa mtunza fedha, msimu mmoja wakulima hawakulipwa, daftari lilikuwa kwake, na hadi anakufa hakuwahi kulizungumza nasi. Ukumbini pakawa kimya, shangazi mmoja akaondoka. Bibi hakuinua macho, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Baba mdogo na yule mzee walikaa wakakubaliana kiasi. Nusu imelipwa kwa mavuno ya mwaka huu. Nusu iliyobaki imeandikwa kwa jina langu.