Shahada ya Nani?

Mdogo wangu ni mwanagenzi wa fundi muashi, Mji Mkongwe. Hujifunza huku akilipwa posho. Mimi nasoma shahada ya uzamili kwa mkopo. Mama akiulizwa ana wasomi wangapi nyumbani, hujibu: mmoja.

Tasnifu yangu inahusu kuta za mawe na chokaa, kama zile za Beit el Ajaib, jumba la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Nilisoma mengi kuhusu madhara ya saruji kwenye kuta hizo. Niliyafahamu siku mdogo wangu aliponishikisha plasta iliyolowa. "Ukuta unapumua, kaka. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani." Maneno yale yakaingia sura ya tatu. Mwenyewe nikamwita "fundi mmoja."

England, tangu 2015, mwanagenzi anaweza kuajiriwa, akalipwa mshahara, asitozwe ada, na mwisho akatunukiwa shahada. Je, anayelipwa ni msomi pungufu? Kiswahili hakioni hivyo: fundi na mwanafunzi ni maneno ya shina moja.

Sisemi kila fundi avishwe joho. Mdogo wangu hajui kukokotoa uzito wa dari. Nasema anachokijua kipimwe, na kikitosha kihesabiwe.

Juzi nimeandika jina lake kamili kwenye sura ile. Alipoliona alicheka: "Kwa hiyo nusu ya joho ni yangu?"

Bado sijamjibu.