Je, Kumpinga Mtawala ni Fitina?

Ndugu Waislamu, huku Ngoliba, karibu na Thika, mbali na pwani yetu, vijana watuuliza: yafaa kuandamana? Wako wazee wajibuo upesi: Tazameni Misri! Mwaka 2011 watu walijaa Uwanja wa Tahrir, na baada ya siku 18 Mubarak akaondoka. Mwaka 2012 wakamchagua Morsi. Mwaka 2013 jeshi likampindua, na mwezi wa Agosti damu ikamwagika Rabaa. Basi bora kunyamaza, wasema.

Hoja hii yaniudhi. Waliouawa Rabaa wengi wao ni waandamanaji, nao waliuawa na askari wa serikali. Kumtwika maiti dhambi ya muuaji wake ni insafu gani? Na Mtume wetu (s.a.w.) alilihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa jihadi iliyo bora, hakulishurutishia usalama.

Walakini kuvunja duka la jirani si neno la haki. Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini mwenye duka lililoporwa katika ghasia zile, haki yake i shingoni mwa nani? Nimewauliza vijana wetu, hawajanijibu.