Kinywa Kiliahidi, Mkono Ukaadhibu

Tarehe 28 Februari 1993, karibu na mji wa Waco katika jimbo la Texas, Marekani, maofisa wa serikali walivamia makazi ya wafuasi wa kiongozi wa dini David Koresh wakitafuta silaha haramu. Risasi zikarushwa pande zote mbili. Wakafa maofisa 4 na wafuasi 6. Makazi yakazingirwa kwa siku 51.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikuwa na makundi mawili pale. La kwanza, likiratibiwa na Gary Noesner, kazi yake ilikuwa simu: kusikiliza, kutuliza, kuwapelekea watoto maziwa, na kuomba atoke mtu mmoja, kisha mwingine. Kwa njia hiyo walitoka watu 35, watoto 21 miongoni mwao. Kundi la pili lilikuwa na bunduki na magari ya deraya, nalo lilichoka kusubiri.

Tarehe 12 Machi walitoka watu wawili. Usiku uleule umeme ukakatwa. Tarehe 21 wakatoka saba. Usiku ulipoingia, vipaza sauti vikaanza kuwapigia kelele waliobaki. Jiweke ndani ya nyumba ile. Yule aliyekuwa akiwasihi wenzake wawaamini watu wa simu, angesema nini tena? Tarehe 23 alitoka mmoja, na baada yake hakutoka mfuasi mwingine hadi tarehe 19 Aprili, siku FBI iliporusha gesi ya machozi ndani na makazi yakateketea kwa moto. Walikufa watu 76, watoto wakiwemo. Noesner alikuwa ameshaondolewa kazini pale wiki kadhaa kabla.

Simwondolei Koresh lawama. Aliahidi kutoka tarehe 2 Machi, akavunja ahadi. Lakini ukaidi wake haukuwalazimu waliomzingira kuwaadhibu wale waliokubali kulegeza msimamo.

Ninyi mnaoongoza kampuni, kosa hili mnalifanya bila bunduki. Karani anakuja mwenyewe kukiri kwamba amekosea hesabu. Meneja anamshukuru, na kesho yake idara ya utumishi inamkabidhi barua ya onyo. Wafanyakazi waliogoma wanakubali mashine moja iwashwe wakati mazungumzo yakiendelea. Jioni uongozi unafunga kantini. Aliyelegeza akaumizwa hujifunza kutolegeza, na wote waliomtazama hujifunza pamoja naye. Wa kwanza kunyamazishwa ni yule aliyekuwa akikutetea kwa wenzake.

Kwa hiyo, kabla hujamtuma mtu kuzungumza kwa niaba yako, waite wenye mamlaka ya kukata, kufunga na kufukuza. Mwafikiane kwamba hakuna atakayegusa kitu bila mzungumzaji kujua.

Mwaka 1996, huko Montana, FBI iliwazingira wanamgambo wa Freemen. Safari hii mazungumzo ndiyo yaliyotangulia. Yalichukua siku 81, na wanamgambo hao wakajisalimisha bila risasi hata moja kufyatuliwa.