Mpelelezi Mbele ya Mola Wake

Usiku wa tarehe 13 Novemba 2013 televisheni ya ITV ya Uingereza ilionyesha mchezo wa mwisho wa tamthilia ya Poirot, ambayo watu wa nchi ile walikuwa wameizoea tangu Januari 1989 kama walivyoizoea chai yao ya saa kumi; na wengi walioketi kumuaga yule mzee wa Kibelgiji, mwenye kichwa kama yai na masharubu yaliyosokotwa kwa nta, waliinuka vitini na mzigo ambao hawakutazamia kuupata katika maburudisho. Mtu aliyetumia umri wake kuwafichua wauaji alikuwa ameua. Aliua kwa makusudi na kwa mipango, akamuua mtu aliyelala usingizi, kisha naye akafa kitandani pake, rozari mkononi, pasipo polisi hata mmoja kumbishia mlango.

Swali lililobaki si la polisi. Ni lile lililowashughulisha wanazuoni wa dini zote tangu Kabili alipomwinukia Habili: je, mtu anayeijua hatia ya mwenziwe kwa yakini, na akajua vilevile kwamba hakuna mahakama duniani itakayoweza kuithibitisha, amepewa ruhusa ya kuwa hakimu wake?

Kabla ya kulijibu sina budi kumtaja mwigizaji, maana katika jambo hili mwigizaji na anayeigizwa hawatengani kwa urahisi. David Suchet, aliyezaliwa London mwaka 1946, alimwigiza Poirot katika michezo 70 kwa muda wa karibu robo karne. Bidii yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyepania: alivisoma vitabu vya Agatha Christie kalamu mkononi, akaandika orodha ya mambo 93 juu ya tabia za mtu wake, hata idadi ya vibonge vya sukari anavyotia katika kahawa, na ili aupate ule mwendo wa hatua fupi za harakaharaka alijizoeza kutembea huku ameibana sarafu ya peni kati ya makalio, jambo ambalo adabu ingenitaka nilinyamazie, lakini fani nayo ina haki yake. Wenzake, Hugh Fraser aliyekuwa Kapteni Hastings, Philip Jackson aliyekuwa Inspekta Japp, na Pauline Moran aliyekuwa Bi Lemon, walikuwa hodari kila mmoja kwa nafasi yake, nami sina la kuongeza juu yao.

Lililo kubwa kwa maudhui yangu ni jingine. Mwaka 1986, kabla ya kuyavaa masharubu yale, Suchet akiwa katika hoteli moja huko Marekani alianza kuusoma Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, naye akatoka humo mtu wa imani. Na mwaka 2014, masharubu yamekwisha kuwekwa sandukuni, ikatolewa Biblia nzima iliyosomwa kwa sauti yake. Baina ya vituo viwili hivyo ndiyo safari nzima ya Poirot. Sisemi kwamba alimgeuza mpelelezi kuwa mhubiri, kwani Christie mwenyewe alikwisha kumuumba Mkatoliki. Nasema tu kwamba kadiri miaka ilivyopita, Ukatoliki ule, ambao vitabuni aghalabu ni kama koti lililotundikwa nyuma ya mlango, ulianza kuvaliwa.

Ulivaliwa hasa mwaka 2010, katika mchezo wa mauaji ya ndani ya treni ya Orient Express. Kisa chake kinajulikana: tajiri mmoja mwovu, aliyemteka na kumuua mtoto mdogo akaponyoka sheria, anachomwa visu na watu 12 waliojifanya baraza la wazee wa mahakama, na Poirot anawagundua wote. Katika riwaya, iliyotoka mwaka 1934, mpelelezi anaweka mbele yao maelezo mawili, moja la kweli na moja la uongo, kisha anajiondokea kwa adabu kama aliyemaliza mchezo wa karata. Suchet hakuondoka hivyo. Aliwakemea wale 12 kwa ghadhabu, kwamba wamejitwalia wasichopewa, na kwamba watu wakianza kujihukumia wenyewe hapatabaki sheria. Kisha, baada ya kemeo lote lile, akawaeleza polisi wa Yugoslavia uongo wa kuwaokoa, akatembea peke yake thelujini, macho yamelowa machozi na rozari ameikaza mkononi. Huo ulikuwa uongo mmoja tu, tena wa huruma, na tazama ulivyomkondesha. Sembuse kuua.

Basi na tuje kwenye kisa cha mwisho, ambacho Christie alikiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia kwa miaka mingi, kikatoka mwaka 1975, miezi michache tu kabla ya yeye mwenyewe kufariki Januari 1976. Poirot amezeeka, moyo wake mbovu, yuko katika kiti cha magurudumu ndani ya nyumba ya Styles, palepale alipoanzia kazi katika riwaya ya kwanza ya mwaka 1920. Humo anaishi bwana mmoja aitwaye Norton, mpole, mwenye darubini ya kutazamia ndege, mtu ambaye ukikutana naye barazani utamsahau kabla hujafika nyumbani. Poirot amekwisha kuzikusanya kesi 5 za mauaji, kila moja ina muuaji wake aliyejulikana au aliyedhaniwa, na katika zote 5 Norton alikuwa jirani. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, ua. Humsikiliza mwenye kinyongo, akamhurumia; humsifu mume kwa subira yake mbele ya mke mkali mpaka subira ile ikamwia aibu; hutaja jambo kisha akaomba radhi kwa kulitaja. Sheria inamweza anayeshawishi kwa maneno ya wazi, lakini huyu ukiyapeleka maneno yake mahakamani, neno kwa neno, utakuta ni maneno ya mtu mwema.

Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana hapo, maana tunalo jina la kazi yake, nalo ni fitina, na tunajua kwa nini wazee waliiogopa kuliko upanga. Mwislamu aliyelelewa chuoni atamtambua Norton mara moja kuwa ndiye yule anayetajwa mwisho wa Msahafu, mtia wasiwasi vifuani mwa watu ambaye hurudi nyuma akitajwa Mungu; na Mkristo atamkumbuka nyoka wa bustanini, ambaye naye hakumlisha mtu tunda kwa mkono wake.

Lakini ustadi wa Christie, ambao mara nyingi husifiwa kwa mafumbo tu, hapa unafika kwenye elimu ya nafsi. Ndani ya nyumba hiyohiyo ameweka kifo kingine. Bibi Franklin, mmoja wa wakazi wa nyumba hiyo, amekwisha kutia sumu katika kahawa ya mumewe, vikombe viko juu ya kijimeza kinachozunguka chenye vitabu pembeni, na wageni wote wanatoka roshanini kutazama vimondo. Hastings, rafiki wa Poirot wa siku nyingi, ambaye moyo wake una majonzi na hataki kutazama mbingu, anabaki ndani na fumbo lake la maneno la gazetini. Anataka kukihakiki kifungu katika Othello ya Shakespeare, anakizungusha kijimeza ili akipate kitabu, na sumu inahama upande wa mwenyewe. Bibi anarudi, anakunywa, anakufa. Mkono uliomuua ni wa Hastings, na Hastings hana habari! Na huyu Hastings, kumbe, usiku mwingine alikwisha kukusudia kwa moyo wake wote kumuua kwa sumu bwana mmoja aliyedhani anamharibia binti yake, akiwa amechochewa na Norton. Kilichomzuia ni usingizi, kwa kuwa Poirot alimtilia dawa katika chokoleti.

Yapime haya kwa mizani ya nia, kama zifanyavyo dini zetu. Hastings ameua pasipo nia, na alikuwa na nia pasipo kuua. Norton ana nia ya watu wafe, na mkono wake ni safi kama wa mtoto. Poirot peke yake ndiye ambaye nia na mkono wake vimekutana. Mahakama ikiletewa watatu hawa itamshika wa tatu. Nami nakiri kwamba kwa muda mrefu niliona mahakama hiyo itakuwa kipofu, kwa sababu katika watatu hao Poirot ndiye pekee aliyetaka uhai wa wengine usalimike.

Lililonibadili ni jambo dogo, ambalo msomaji wa haraka hulipita. Usiku wa mwisho Poirot anamwita Norton chumbani, anamwambia kinaganaga kwamba amekusudia kumuua kwa hukumu yake mwenyewe, kisha anamkaribisha chokoleti. Norton anatabasamu, na kwa kuwa ni mjanja anaomba wabadilishane vikombe. Poirot anakubali bila wasiwasi, kwani vyote viwili vina dawa ileile ya usingizi ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuizoea. Norton akiisha kulala anarudishwa chumbani kwake kwa kile kiti cha magurudumu, ambacho Poirot mwenyewe, kumbe, hakukihitaji sana kama alivyojifanya. Hapo anapigwa risasi moja. Ili watu waamini kwamba Norton amejiua, ilipasa risasi ipite penye panja. Poirot anajua hivyo, wala hawezi: jeraha la upande mmoja linaiudhi ile tabia yake ya kutaka kila kitu kilingane, basi anaipiga katikati ya paji la uso, sawasawa.

Wengi hucheka hapo, na mwandishi alikusudia tucheke. Lakini mimi naona tundu lile ndilo ushahidi dhidi yake. Watu wa pwani wanasimuliana kisa cha Seyyidna Ali, kwamba vitani alikwisha kumwangusha adui yake na upanga u juu, adui akamtemea mate usoni, naye akaurudisha upanga alani, kwa kuchelea kwamba sasa atakuwa anapiga kwa ghadhabu yake, si kwa ajili ya Mungu. Yaani anayetaka kuitoa roho ya mtu kwa jina la haki sharti nafsi yake isiwemo hata kwa kiasi cha punje. Na Poirot, mtu mwadilifu kuliko sote, mgonjwa aliye ukingoni mwa kaburi, asiye na faida yoyote katika kifo kile, alishindwa kuitoa nafsi yake chumbani. Alitia sahihi. Ikiwa yeye hakuweza, ni nani kati yetu atakayeweza, sisi ambao hatuna hata nusu ya akili zake wala robo ya dhamiri yake? Makadhi wa kale walikuwa na msingi wao, kwamba mwanadamu huhukumu kwa dhahiri na batini ni ya Mwenyezi Mungu. Nami nilidhani ni msingi wa watu waliokata tamaa ya kuujua ukweli. Sasa naona ni msingi wa watu waliozijua nafsi zao.

Walakini haki nyingine lazima apewe. Poirot alikuwa na vichupa vya dawa ya moyo karibu ya kitanda, akavisogeza mbali kwa mkono wake mwenyewe. Na katika barua aliyomwachia Hastings, iliyomfikia miezi minne baadaye, hakujisafisha: alisema wazi kwamba hajui kama alilolitenda lilikuwa halali au haramu, na kwamba anajiweka mikononi mwa Mungu. Mtu aliyejua kila kitu katika michezo 69 alikuja kusema hajui katika ule wa 70. Na uso wa Suchet katika saa ile, umekonda, hauna nta wala mzaha, unaomba msamaha kama mtu asiye na hakika kwamba atapewa. Wale 12 wa ndani ya treni walijiita baraza la hukumu. Yeye hakujiita kitu.

Ningekuwa mimi hakimu wa wilaya ile ya Styles, ningemfungulia mashtaka ya kuua kwa kukusudia, ningemtafutia wakili hodari kuliko wote, na ningemwamuru karani aandike katika daftari la mahakama kwamba mshtakiwa alikiri mwenyewe, kwa mwandiko wake, pasipo kushurutishwa na mtu.