TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Huyu mtoto katoka wapi?

 

Leo tujiulize. Baba mweusi na mama mweusi wakipata mtoto mwenye ualbino, nani alaumiwe? Mara nyingi jibu liko tayari: mama. Ataambiwa katoka nje ya ndoa, au ana mkosi. Wapo akina baba wanaofungasha na kuondoka hata arobaini ya mtoto haijafika.

Elimu ya urithi inasema hivi. Jeni (jeni jamani, siyo jini!) zinakuja mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na jeni moja tu ya ualbino, haionekani. Ngozi yako ni nyeusi kama kawaida na wala hujui umeibeba. Inaweza kupita kwenye ukoo vizazi na vizazi kimya kimya. Wakioana wawili walioibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo rangi ya mtoto siyo ushahidi wa zinaa.

Haya tuliyapata mapema. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (SAW) akimshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza habari za ngamia zake: wana rangi gani? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Wapo. Wametoka wapi hao? Bedui akasema labda ni asili ya zamani imewavuta. Basi na mwanao huenda asili imemvuta, na hakumruhusu kumkana.

Tazameni: hakumwita mama kuhojiwa. Aliyesahihishwa ni mwenye dhana.

Sasa kuna dhana mbaya zaidi. Miaka ya 2000 tulisikia mauaji ya wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Sisi tunaoishi na machimbo tusiseme hayatuhusu. Dhahabu iko kwenye mwamba, haiko kwenye mkono wa mtoto. Anayekwenda kwa mganga kutafuta bahati ya namna hiyo, funga yake anamfungia nani?

Hakuna aliyechagua alichorithi. Hicho hatutaulizwa. Tutaulizwa tulimpokeaje aliyezaliwa kwetu.

Kazi ya leo: kama mtaani kwenu kuna mtoto mwenye ualbino, kwenye nguo za Idi mkumbukeni kwa kofia pana na shati la mikono mirefu. Jua linamuumiza, na saratani ya ngozi inaua. Na mama yake mpeni salamu, mkae naye futari.

Ya Allah, tusafishe ndimi na dhana zetu. Amin.

Mtumie na mwenzio. Funga njema.